Humo Ndani, Mtoto Anapona?

Chumba kile cha kushonea kilikuwa na nyakati mbili. Asubuhi zilitawala cherehani, zikinguruma hata ukitaka kumwita mwenzio ilibidi umrushie kipande cha kitambaa ndipo ageuke. Alasiri, jua likiinama na kuchungulia dirishani, Mama Mkasi alipiga meza kwa kiganja na kusema, "Haya, miguu ipumzike." Mama Mkasi ndiye aliyekuwa fundi mkuu na mkataji wa vitambaa, na ulimi wake ulikata vilevile. Hapo cherehani zilinyamaza, ikaanza kazi ya mkono: kukunja pindo, kushona vifungo, kupunguza nyuzi zilizobaki zikining'inia.

Kazi ya mkono haina kelele, na mikono ikishughulika masikio hukaa bure. Kwa hiyo wanawake wale walijiwekea desturi yao. Mmoja alisoma kitabu kwa sauti, wengine wakashona, na fungu la kazi la msomaji wakagawana, huyu kola, yule mkono wa shati, mpaka likaisha sawa na la mwingine yeyote.

Msomaji alikuwa Bibi Miwani. Miwani yake aliifunga kisogoni kwa mpira wa kiuno alioutoa kwenye kaptura ya mjukuu, na mjukuu hajamsamehe hadi leo. Shule aliionja tu, akatolewa kwenda kulea wadogo zake, kwa hiyo alisoma kwa mwendo wa kobe, subana ikiwa kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano, ikifuata mstari na kugonga karatasi, tak, tak. Hakuna aliyelalamika. "Wanaosoma mbio hutuacha njiani," alisema Mama Mkasi. "Huyu tunafika naye."

Kitabu kikiisha, kinachofuata hakikuchaguliwa na mtu mmoja. Bibi Miwani alikwenda maktaba ya mtaa, akawauliza wasomaji wenzake, akarudi na vitabu viwili vitatu na maneno aliyoyasikia. Akavipanga juu ya meza ya kukatia. Ndipo likaletwa kopo la vifungo. Kila fundi alikuwa na kifungo chake kisichofanana na cha mwingine, naye akakiweka juu ya jalada analolitaka. Cha Mama Mkasi kilikuwa cha chuma, kama mwenyewe. Cha Bibi Miwani kilikuwa cha pembe, kimemeguka ukingoni. Na kile kikubwa chekundu cha koti, ambacho ukikitazama unakisikia, kilikuwa cha Chiriku.

Huyo Chiriku alikaa karibu na dirisha, na jina walimpa kwa wingi wa maneno yake. Aliweza kusimulia safari yake ya asubuhi ikawa ndefu kuliko safari yenyewe. Alikuja kazini na binti yake mchanga mgongoni, akamlaza kwenye kapu la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, na mtoto akilia, mkono ulio karibu ndio uliombembeleza. Alipoanza kuota jino, walikifunga kile kifungo chekundu kwa uzi mnene wakampa akitafune. Akakitafuna kwa bidii ya fundi mwenye kazi ya haraka.

Kisha ikaja homa. Ilikuja leo, kesho yake ikaondoka naye.

Chumba kizima kilikwenda msibani. Waliporudi walishona majuma kadhaa, kitabu kimefunikwa, hakuna aliyesema kifunuliwe. Mpaka Ijumaa moja mume wa Chiriku akasimama mlangoni, kofia mkononi, akamwita Bibi Miwani kando.

"Bibi, Jumatatu anakuja. Anasema atajaribu wiki moja."

"Na aje, mwanangu. Mahali pake papo."

"Akiona hawezi, atakwenda kukaa kwa dada yake, mbali kule. Cherehani amesema mumpe mwingine." Akaizungusha kofia. "Mimi nisingependa aende, Bibi. Nyumba ilivyo sasa, hata mlango ukigonga nashtuka. Lakini siwezi kumfunga kamba."

Bibi Miwani alirudi ndani akawaeleza, na chumba kizima kikashikwa na mchecheto kama nyumba inayongoja mgeni wa ghafla. Mama Mkasi akaamuru. Kapu lipelekwe stoo. Vile vigauni vya watoto wachanga walivyokuwa wakiishonea hospitali vihamishiwe kona ya mbali, na Chiriku apewe mashuka tu. Na kifungo chekundu, kwa kuwa mtoto alikitafuna, kitolewe koponi kisije kikamchoma moyo. Mama Mkasi mwenyewe akakitia kwenye mtoto wa meza yake.

"Na kitabu!" akasema. "Bibi, sikiliza. Kitabu kisiwe na mtoto. Au kama yumo, awe mzima mpaka neno la mwisho, ananenepa."

"Sasa hilo nitalijuaje kabla sijakisoma?"

"Si una wenzako pale maktaba? Kuuliza si ujinga. Waulize."

*

Maktaba ya mtaa ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la rangi, kwa hiyo vitabu vyake vyote vilinuka ukuta mpya. Nje palikuwa na benchi. Wasomaji waliorudisha vitabu walipenda kukaa pale kidogo kabla ya kwenda zao, na ukikaa nao dakika chache unaondoka na maoni mengi kuliko vitabu.

Jumamosi ile Bibi Miwani alimkuta Dereva, mwanamume wa lori mwenye mikono kama makasia, ambaye husoma akingoja kushushiwa mzigo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Niambie, hicho ulicho nacho kina nini?"

"Ah, hiki! Hiki kina mambo! Kuna mtu anapotea, kuna nyumba inaungua..."

"Humo ndani mna mtoto?"

"Yumo. Mjanja huyo!"

"Mtoto anapona?"

Dereva akacheka, akakibana kitabu kwapani. "Bibi, nikikwambia mwisho nitakuwa nimekula nyama nikakupa mfupa."

"Mfupa nipe, meno yangu yananitosha. Mtoto anapona?"

"Siwezi. Mwiko."

"Basi kaa na nyama yako."

Akaingia ndani. Binti mtunza maktaba akamtolea vitabu vya kila rangi. Bibi Miwani akauliza lile lile kwa kila kimoja, na binti akawa anakunja uso akikumbuka. "Hiki, hapana, kuna ajali. Hiki mtoto yumo lakini anakwenda ng'ambo, sijui tukihesabuje. Bibi, mbona leo unachagua vitabu kama mtu anayebonyeza maembe?"

"Nina mgonjwa wa moyo nyumbani," akasema Bibi Miwani, na hakuona kama amedanganya.

Mwishowe binti akampa kimoja cha kuchekesha, habari za muuza saa asiyewahi kufika mahali popote kwa wakati. Hakina mtoto hata wa kuazima. Bibi Miwani akashukuru.

Alipotoka, benchini alikuwa amekaa Nesi, mwanamke aliyestaafu hospitali lakini hajastaafu kumtazama kila mtu kama anayempima joto. Mapajani alikuwa na kitabu cha jalada la kijani, amekifunga, mkono juu yake.

"Hicho je?" akauliza Bibi Miwani.

"Hiki ndicho kizuri kuliko vyote nilivyosoma."

"Mna mtoto?"

"Yumo."

"Anapona?"

Nesi hakusema habari za nyama na mifupa. Alisema tu, "Hapana, dada. Hafiki katikati."

"Basi sikitaki." Na Bibi Miwani akaondoka upesi, kama mtu aliyeona moto.

Waliweka vifungo siku ile ile, mbio mbio, ili Chiriku asikute mjadala. Vyote vikamwangukia muuza saa. Haikuwa kura kwa kweli, maana kitabu kilikuwa kimoja.

*

Jumatatu Chiriku alikuja. Alisalimia, akakaa, akashona. Aliulizwa habari za njiani akasema, "Nzuri." Neno hilo moja. Wanawake wakatazamana.

Alasiri Bibi Miwani alifungua kitabu cha muuza saa. Kilikuwa kinachekesha kweli. Muuza saa alichelewa harusi yake mwenyewe akamkuta mwenye ukumbi anafagia. Mafundi walicheka. Mama Mkasi alicheka mpaka akashika mbavu, na Mama Mkasi hacheki bure. Chiriku alikunja pindo la shuka.

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu, kabla ya kusoma, kopo la vifungo lilikuwa mezani kwa kuwa mtu alikuwa akitafuta kifungo cha shati. Chiriku alipita, akasimama, akaingiza mkono, akavigeuza vifungo taratibu kwa kidole. Cha chuma. Cha pembe. Vya wengine. Akavigeuza tena. Kisha akalirudisha kopo, akaenda mahali pake, wala hakuuliza.

Bibi Miwani aliliona hilo. Alasiri ile muuza saa alianguka mtoni na saa zake zote, chumba kikaangua kicheko, lakini Bibi Miwani alikuwa anatazama dirishani. Chiriku alikuwa ameanza kuipaka cherehani yake mafuta. Aliipaka polepole, kila kiungo, akaifuta, akakunjua kitambaa chake, akaifunika. Siku ilikuwa bado ndefu, na fundi hafuniki cherehani mchana ila kama anaiaga.

Bibi Miwani alifunga kitabu. "Miwani imenichosha," akawaambia. "Leo mtajisomea vichwani."

Akachukua sindano na uzi, akaburuta kigoda hadi dirishani.

"Mwanangu, nitungie uzi."

Hii ilikuwa kazi ya Chiriku tangu zamani. Macho ya Bibi Miwani yaliona herufi, tundu la sindano hayakuliona. Majuma yale yote alikuwa akitungiwa na huyu na yule, na kila mmoja alimtungia uzi mfupi. Chiriku alijua anautaka mrefu. Akaipokea sindano, akalamba ncha ya uzi, ukapita mara moja.

"Umeifunika cherehani," akasema Bibi Miwani.

"Ndiyo, Bibi."

"Wiki haijaisha."

"Mmeshaimaliza nyinyi." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliuma. "Kifungo changu mmekitoa koponi. Kitabu mmechagua bila mimi. Ningejua nisingejisumbua kuja."

"Yalaa! Mwanangu, sivyo hivyo!" Bibi Miwani akashika kichwa. "Kifungo kipo kwa Mama Mkasi. Tulikificha kwa sababu... kwa sababu ya jino."

Chiriku akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Jino?"

"Lile jino lake. Tulisema kisije kikakukumbusha."

"Kinikumbushe, Bibi?" Sauti yake ikapanda kidogo, ikawa karibu na ile ya zamani. "Kwani mnadhani nimesahau, halafu kifungo ndicho kitakuja kunipa habari?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Bibi Miwani, na uzee wake wote, alikuwa amejifanya anaujua kwa niaba ya mwingine. Akaishika subana, akaizungusha kidoleni. Mwishowe akauliza swali ambalo alikuwa amemuuliza kila mtu ila huyu mmoja.

"Wewe je? Wewe unataka tusome nini?"

Chiriku alitazama nje. Chini pale mwanamke alikuwa akiosha ngazi za duka, maji yakishuka ngazi kwa ngazi.

"Huyu muuza saa anachekesha," akasema. "Lakini nyinyi kila mkicheka mnanitazama mimi. Nimechoka kutazamwa. Kapu limeondolewa, vigauni vimekimbizwa kule, na tangu nirudi hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la mwanangu. Kama vile sikuzaa, Bibi. Kama vile nilichelewa tu kazini." Akajifuta kwa ncha ya shuka la hospitali. "Mimi nataka kitabu chenye mtoto. Asiyepona. Nijue yule mama alifanyaje kesho yake. Kesho yake tu."

Bibi Miwani alimshika mkono, ule wenye alama za sindano. "Usiende popote mpaka Jumamosi," akasema. "Sikuombi zaidi ya hapo."

"Jumamosi," akasema Chiriku. Cherehani akaiacha imefunikwa.

*

Bibi Miwani hakungoja Jumamosi. Kesho yake asubuhi alikwenda maktaba moja kwa moja, akaambiwa kitabu cha kijani bado hakijarudishwa, akamfuata Nesi hadi kwake. Akamkuta anaanua nguo kambani. Akamweleza yote, akipokea vibanio kimoja kimoja.

Nesi akasikiliza mpaka mwisho. "Dada," akasema, "lile swali lako si baya, ila ni fupi. Unauliza, mtoto anapona? Ukishaambiwa hapana, unakimbia. Ulinikimbia hata sikumaliza."

"Palikuwa na la kumaliza?"

"Nilikwambia mtoto hafiki katikati. Sasa baada ya hapo kuna nini? Kuna nusu nzima ya kitabu! Mama yule yumo humo mpaka ukurasa wa mwisho. Anafua, anagombana na shemeji yake, anaunguza chakula, kuna mahali anacheka halafu anajiona vibaya kwa kucheka. Nimeuguza watu maisha yangu yote na sikuwahi kujua wakitoka pale mlangoni wanakwenda kufanya nini. Kitabu hiki ndicho kimenionyesha."

"Na ule ukurasa wenyewe?"

"Nilipofika pale nilikifunga, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kisha nikarudi." Akaingia ndani akatoka nacho, amekizungushia kanga ya kichwani kama mtu anayempa mwenzake kitu cha moto. "Msimwache ausikilize peke yake. Ndiyo maoni yangu. Mengine mtayaona."

Alasiri ile Bibi Miwani aliviweka vitabu viwili juu ya meza ya kukatia, muuza saa huku, kijani kule. Akasimama mbele ya wenzake, akasema bila kuficha: hiki mnakijua, na hiki kina mtoto, na mtoto hatapona. Mama Mkasi akafungua mdomo.

"Bibi! Tulikubaliana..."

"Tulikubaliana sisi. Mwenyewe hatukumuuliza. Mpe kifungo chake."

Mama Mkasi akatazama sakafu, akavuta mtoto wa meza, akakitoa kile kifungo chekundu. Uzi mnene bado ulikuwa umefungwa. Akakibeba kwa viganja viwili hadi dirishani. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Mimi kukata najua. Kuunga ndiko kunakonishinda."

Chiriku akakipokea. Akapitisha kidole gumba ukingoni, mahali palipokuwa na mikwaruzo midogo ya jino. Kisha akainuka, akakiweka juu ya jalada la kijani.

Kikafuata cha chuma. Kikafuata cha pembe. Vikafuata vyote.

Walisoma kitabu kile kwa mwendo wa Bibi Miwani, tak, tak, na siku baada ya siku mtoto wa kitabuni akakua, akajifunza kutambaa, akaangusha maziwa. Jumamosi ikapita bila mtu kuitaja. Wote walijua ukurasa ule unakuja. Ulipofika, Bibi Miwani alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, miwani ikajaa ukungu na subana ikasimama.

Chiriku akaweka shuka chini. Akaja, akakaa kwenye kigoda karibu naye, akakichukua kitabu.

Alisoma kwa sauti ile ile aliyokuwa akisimulia nayo safari zake za asubuhi. Ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika njia. Sindano zote zilisimama. Alisoma mtoto alivyokwenda, na bila kupumzika akageuza ukurasa, akasoma kesho yake. Kesho yake yule mama aliamka, akasahau, akapasha maji ya kumwogesha mtoto. Maji yalipochemka akakumbuka. Akakaa akayatazama mpaka yakapoa, kisha akayanawia uso, akaenda kufungua mlango.

Chiriku akafunga kitabu, kidole ndani.

"Mimi pia nilipasha maji," akasema.

Kila mmoja alisogeza kiti karibu naye. Mama Mkasi alikuwa ameinamia kigauni cha mtoto, mabega yakimtikisika.

"Kitambaa hiki kina vumbi," akasema.

"Kitambaa kipya hicho, dada," akasema Chiriku. "Umekikata mwenyewe leo."

Na hapo wakacheka wote, pamoja na machozi, na safari hii hakuna aliyemtazama mwenzake kwanza kuona kama inafaa. Kisha Chiriku akalitaja jina la binti yake, akawauliza nani anakumbuka siku alipomng'ata Mama Mkasi. Wote walikumbuka. Walikuwa na mengi, walikuwa wameyabana tu. Kapu likaletwa kutoka stoo, likarudishwa chini ya meza, likajazwa mabaki ya vitambaa kama kawaida yake. Ile cherehani ya dirishani ilifunuliwa, na asubuhi iliyofuata iliwahi kunguruma kabla ya zote.

*

Kitabu kilipoisha, Chiriku ndiye aliyekirudisha, Bibi Miwani akimfuata nyuma kwa mwendo wake. Benchini palikuwa na Dereva na mwanamke mmoja mgeni, kijana, mwenye mkoba kifuani. Mwanamke yule alikitazama kitabu cha kijani mkononi mwa Chiriku.

"Samahani, dada. Hicho kizuri?"

"Kizuri sana."

"Mna mtoto humo?" Akasita. "Anapona?"

Dereva akaanza, "Ah, ukimwambia mwisho utakuwa ume..." Bibi Miwani akamkanyaga mguu.

Chiriku akakaa kwenye benchi, karibu na yule mgeni.

"Hapana, hatapona," akasema. "Lakini kisome. Ila usikisome peke yako. Unaye wa kukusomea?"

Mwanamke akatikisa kichwa.

"Unajua kushona kifungo?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha," akasema Chiriku, akamwekea kitabu mapajani. "Ngoja nikuelekeze njia ya kufika kwetu. Ukitoka hapa, kwanza utaona duka la rangi, sasa pale usiingie, maana mimi siku moja niliingia pale, wee, sikiliza..."

Dereva akamnong'oneza Bibi Miwani, "Huyu akimaliza kuelekeza, giza litakuwa limeingia."

"Na liingie," akasema Bibi Miwani, akavuta mpira wa miwani yake, akajiweka sawa kwenye benchi asikilize.